Siku Tatu, Halafu Narudi

Tarehe 3 Machi

Shangazi yangu,

Shikamoo. Kabla sijakueleza hali zetu, acha nikuambie kitu ambacho sijawahi kumwambia mtu yeyote: mimi nina hasira. Sisemi nina hasira leo. Ninazo siku zote, tangu nikiwa mdogo. Watu wananiita Kimya, wanasema mtoto mpole yule, hana neno, ukimkanyaga yeye ndiye anayeomba radhi. Ni kweli naomba radhi. Lakini huku ndani ninakuwa nimeshakutukana matusi ambayo hata sijui niliyaokota wapi. Nakuambia wewe kwa sababu uko mbali, huwezi kunitazama usoni.

Nakuandikia kwa Kiswahili makusudi. Kwa lugha ya shule tunafundishwa kwamba ukikasirika unaandika "nimesikitishwa kidogo", halafu unashukuru mapema. Mimi sijasikitishwa kidogo.

Haya, habari za nyumbani. Mama hajambo, anapiga pasi kutwa. Chumba cha mbele kimejaa nguo za watu mpaka mlango haufunguki wote, unaingia ubavu. Mashati ya walinzi wa benki yameletwa yote kwa mpigo, na kila moja linataka mistari mgongoni. Paka amezaa kwenye kapu la mashuka ya hoteli, Mama akayafua yote upya huku akimsema paka kama anamsema mgeni aliyekuja bila taarifa. Friji yetu ilikufa, ikafufuliwa na fundi mmoja mrefu mwenye sauti ndogo. Siku hizi inagandisha vizuri, lakini fundi bado anakuja kuiangalia. Mimi kimoyomoyo namwita Bwana Baridi.

Sasa jambo lenyewe. Mama ameniambia umenialika mjini baada ya mitihani, Ijumaa hadi Jumapili, tule tu na kutembea mitaani, bila shughuli yoyote. Shangazi, sijawahi kualikwa mahali mimi peke yangu. Nilikwenda kujifungia chooni nifurahi huko, mpaka Mama akagonga kuuliza kama naumwa tumbo.

Nakuja. Ila nina masharti. Usinipeleke kwa ndugu. Usinisimamishe mbele ya mtu ukasema "huyu ndiye mtoto wa marehemu kaka yangu", maana wakisikia hivyo wananishika mashavu. Usinipeleke penye mhudumu anayesimama nyuma ya kiti akisubiri useme unataka nini, kwa sababu nitasema chai, na nitakunywa chai siku zote tatu. Nataka mahali ambapo mtu anakula huku anaangalia barabara, na hakuna anayemwangalia yeye. Na nataka tukae. Hapa hatukai. Sahani ziko juu ya meza ya pasi, tunakula tumesimama, jicho la Mama liko kwenye kola ya mtu.

Barua hii nampa dereva wa lori la unga, yule anayepakia kwenye kiwanda cha huku na kushusha kwenye bekari yenu. Nijibu kwa njia hiyo hiyo. Simu ni ya Mama, na mimi kwenye simu mdomo hunigomea.

Mtoto wako,
Kimya


Tarehe 19 Machi

Kimya wangu,

Marahaba, na marahaba ya pili ni ya hizo hasira. Unadhani umezitoa wapi? Baba yako aliwahi kuitupa redio nje kwa sababu mtangazaji alikohoa. Na mimi ukiniona nimenyamaza kwenye usukani, aliye mbele yangu ajiombee.

Huku tuko salama. Goti la kulia linanung'unika kila likiona ngazi. Bekari wamenibadilishia gari, hili jipya linanuka chachu mpaka kwenye viti, na nguo zangu zote zinanukia mkate. Mbwa wa mtaani siku hizi wananisindikiza hadi mlangoni kama mheshimiwa.

Masharti yako nimeyapokea, na mengine ni yangu pia. Ndugu sitaki kuwaona hata mimi. Sasa sikiliza nilivyopanga.

Sheria ya kwanza: kwa siku tunakula mara mbili, lakini tunakula kwelikweli. Katikati ni kutembea, kukaa na kulala. Watu wanakuja mjini wanakimbizana na sehemu kumi, jioni hawakumbuki hata ladha ya moja.

Ijumaa ukishuka kwenye basi hatuendi nyumbani. Begi tunamwachia muuza magazeti wa stendi, tunakwenda mtaa wa mafundi viatu. Ukishaliona geti kubwa la kijani la shule ya wasichana unakata kushoto, mlango wa tatu, hauna kibao. Kuna mama anapika supu ya mifupa. Ikiisha anafunga, hata kama anakuona unakuja mbio. Tutakaa barazani tuangalie watu wanavyobembeleza mafundi kuhusu soli. Jioni tunahamia mtaa wa reli, ng'ambo ya uzio wa chuo cha ufundi, kuna kuku wa kuchoma. Moshi wake unakuita kwa jina.

Jumamosi ni mtaa wa vitambaa. Kuna duka la sare za shule, kubwa, huwezi kulikosa. Panda ngazi zake, juu kuna samaki. Wanakukaangia ukiona, unabeba sahani mwenyewe, unakwenda kula dirishani, na barabara yote iko chini ya miguu yako. Hakuna wa kukusimamia. Mchana tunalala, na hilo sijadiliani, maana mapumziko bila kulala mchana ni safari ya kikazi. Jioni tunakunywa juisi kando ya uwanja wa shule ya bweni, wakati watoto wanacheza mpira.

Jumapili ni maharage na mkate wa moto, nyuma ya ile shule ndogo yenye kengele. Mkate ni wetu wa bekari, nitakutambia kidogo.

Ng'ambo ya mto sipajui. Gari letu linaishia darajani.

Viatu unavaa namba ngapi? Na umwambie mama yako barua yake niliipata, jibu langu ni lile lile.

Shangazi yako


Tarehe 8 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Paka na wanawe hawajambo, wamehamia chini ya kitanda changu, na mmoja ananipanda usoni kila asubuhi kuhakikisha kama bado nipo. Mitihani ya majaribio imekwisha. Mwalimu wa lugha ya shule ameniandikia kwamba naandika vizuri ila nizungumze zaidi. Nilitaka kumwambia kama angejua ninayotaka kuzungumza asingeomba.

Mpango wako nimeusoma mpaka karatasi imelainika kama kitambaa. Nimechora ramani ya mji ambao sijawahi kuuona, nyuma ya kalenda ya mwaka jana. Nimeweka supu, kuku, samaki, juisi, maharage, na ngazi za duka la sare. Darasani walimu wakifundisha mimi nakuwa nimeshapita mtaa wa reli. Viatu navaa thelathini na nane.

Ujumbe wako nimeufikisha. Nilimkuta Mama kwenye pasi, nikamwambia, Shangazi anasema barua yako aliipata na jibu lake ni lile lile. Mama hakuuliza jibu gani. Aliiacha pasi imelala juu ya shati la mlinzi mpaka likaanza kunuka. Mama huyu, ambaye tangu nipate akili sijamwona akiunguza hata leso. Aliliinua lile shati, akaiangalia alama yake ya kahawia kama vile kazi hiyo kafanya mtu mwingine, akasema, "Sawa." Basi. Sawa.

Jibu gani, Shangazi? Na barua ipi?

Kuna kingine. Mashati ya wateja wote yanatundikwa kwenye bomba la chumba cha mbele, kila moja na kikaratasi cha jina. Ya Bwana Baridi yako kabatini kwa Mama, hayana kikaratasi. Mimi si mtoto, nimeelewa. Na wala simchukii. Akifika anavua viatu mlangoni, anatuletea barafu, anacheka polepole. Ninachochukia ni kwamba hakuna anayeniambia kitu. Wanakaa wote wawili macho makavu, wanazungumza habari za kompresa ya friji.

Halafu wiki iliyopita nimetoka shule nikamkuta chumbani kwangu na tepu. Anapima ukuta, upande wa kitanda. Ameshika ncha moja kwa kidole gumba, nyingine ameibana na goti. Alishtuka. Akasema, "Naangalia tu, mwanangu," akaandika namba kwenye kiganja chake.

Unajua nilisema nini? Nilisema samahani. Mimi, ndani ya chumba changu, nimemwomba radhi yeye. Nikafunga mlango taratibu nikakaa nje. Tangu siku hiyo kichwa kinachemka.

Nijibu upesi. Nakuomba.

Kimya


Tarehe 30 Aprili

Kimya wangu,

Marahaba. Nisamehe kwa kuchelewa. Lori la unga lilivunjika springi, barua yako imelala njiani wiki nzima pamoja na magunia. Bekari tulikaa siku mbili bila unga, na meneja alikuwa akitembea akijikuna kichwa kama sisi ndio tuliolivunja.

Nafurahi mitihani inakwenda. Goti lipo, linakusalimu.

Mpango umebadilika kidogo. Mama wa supu ana safari, lakini amesema atakuwa amerudi, na kama hajarudi nimepata mwingine mtaa wa nyuma. Nimeongeza keki. Kuna dirisha dogo nyuma ya shule ya wavulana, karibu na bwalo, mzee mmoja anauza keki ya limau kwa vipande vinene, unakula ukiwa unatembea. Ijumaa baada ya supu itatufaa. Jumamosi tukishaamka tunaweza pia kupita kwa fundi wangu wa nguo, ana mkono mzuri, akuchukue vipimo. Lete na sweta, huku jioni zina baridi.

Kuhusu jibu, hayo ni ya watu wazima wawili. Muulize mama yako. Mimi na wewe tuzungumze samaki.

Shangazi


Tarehe 6 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Nimeiandika kwa sababu mkono umezoea.

Habari za nyumbani wewe unazijua kuliko mimi.

Juzi niliitoa ramani yangu niongeze dirisha la keki. Nikaandika "shule ya wavulana". Pembeni yake kulikuwa kumeshaandikwa shule ya wasichana, geti la kijani. Juu yake chuo cha ufundi. Kulia duka la sare. Chini shule ya bweni. Pale kwenye maharage, shule yenye kengele. Nilikaa nikaiangalia ile karatasi. Shangazi, hiyo si ramani ya chakula. Hakuna tonge hata moja ulilonipangia ambalo haliko kwenye uzio wa shule.

Na viatu unataka namba. Na fundi anichukue vipimo, vya nini kama si sketi ya sare? Na sweta. Na huku mtu anapima ukuta wangu. Na Mama anaunguza mashati akisikia jina lako.

Mngeniambia tu. Mngeniita mkaniweka chini mkasema, Kimya, hapa nafasi imekwisha, unahamia mjini, chagua shule. Ningelia, ningemaliza. Lakini ninyi mmeamua kunichukua kama mbuzi, mnatanguliza majani mkononi, mnarudi nyuma hatua moja moja, supu, kuku, samaki, mpaka nijikute nimeshaingia na geti limefungwa. La kijani.

Kinachoniuma si shule. Kinachoniuma ni kwamba nilifurahi. Nilijifungia chooni nikafurahi kama mjinga, na wewe ulikuwa unajua. Wewe niliyekuambia kitu ambacho sijamwambia mtu. Ulipokuwa unaandika "barabara yote iko chini ya miguu yako", ulikuwa unapanga nani atanipeleka siku ya kufungua shule.

Samaki mle wenyewe. Sitakuja. Na usiniandikie kuhusu goti, sitaki kulihurumia.

Mimi


Tarehe 20 Mei

Wewe mtoto,

Marahaba, hata kama umeitoa kwa mkono tu.

Goti silitaji. Nimeisoma barua yako ndani ya gari, nikiwa nimeegesha mbele ya geti la kijani. Unajua nilikuwa nafanya nini mbele ya geti la kijani? Nilikuwa nashusha mikate. Kazi yangu ni kusambaza mikate, Kimya. Kila siku ya Mungu. Na mikate ya bekari yetu inanunuliwa na nani? Na shule. Geti la kijani kreti sita, chuo cha ufundi nne, bweni kumi na mbili, wavulana nane, ile ya kengele mbili na nusu. Duka la sare nyuma yake kuna bwalo la wafanyakazi, nao wanachukua. Mji huu mimi naujua kwa mageti ninayopigia honi. Nikimaliza kushusha nina njaa, nakula palipo karibu. Hao ndio watu wangu wa supu na wa samaki. Ulitaka nikuelekeze kwa njia ipi, nikuambie pinda kushoto kwenye ubalozi? Mabalozi hawali mikate yetu.

Viatu ni vya kutembea, kwa sababu mara ya mwisho nilikuona na ndala zilizokatika kisigino. Vipimo ni vya gauni. Ile Jumapili ni siku yako ya kuzaliwa. Nilitaka iwe siri, sasa umeshaivunja, furahi. Na sweta ni sweta. Kuna baridi.

Umenifananisha na mtu anayevuta mbuzi. Damu imenipanda mpaka nikasahau kreti mbili kwa wavulana.

Na kwa kuwa nimeshakasirika, acha nikueleze lile la watu wazima, maana nikipoa sitaweza tena.

Mama yako aliniandikia Januari. Anaolewa na huyo fundi. Nyumba ni ndogo, chumba cha mbele ni cha pasi, na mume anahitaji pa kuweka mitungi yake ya gesi na mafriji ya watu. Akasema wewe ni damu yetu, nikuchukue, umalizie shule huku. Nikasema hapana. Februari akaniandikia tena, kwa upole zaidi. Moyoni nikasema hapana tena. Halafu nikaona aibu, ndipo nikakualika siku tatu, na hiyo hapana ya pili nikakutuma wewe uifikishe.

Kwa hiyo usinisingizie kwamba nakuingiza getini kwa ujanja. Mimi ndiye niliyelifunga.

Utauliza kwa nini. Sababu nzuri ninazo. Nina chumba kimoja, natoka alfajiri, na lile goti nisilolitaja. Zote ni kweli na hakuna hata moja iliyo sababu. Sababu ni kwamba nimeishi peke yangu miaka mingi na napenda. Nikirudi naweka funguo mezani, navua viatu, hakuna anayeniuliza nimechelewa wapi. Nimejitazama ndani, nikaona sina uwezo wa kuwa mtu wa kuulizwa kila siku. Siku tatu naziweza. Nitakupa zote, sitabakiza hata jioni moja. Ya nne siijui, na sikutaka kukudanganya kwamba naijua.

Sasa umepata ulichotaka. Kasirika unavyotaka, hiyo ni haki yako. Lakini samaki usiniambie nimle peke yangu.

Shangazi yako, hata hivyo


Tarehe 2 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Hii nimeitoa mwenyewe, si mkono.

Watoto wa paka wameacha kunyonya, wawili wamechukuliwa na mlinzi wa benki aliyeunguziwa shati, Mama kampa kama fidia. Mitihani inakwisha Jumatano. Mvua imekatika.

Barua yako niliisoma nimesimama kwenye uzio wa kiwanda cha unga. Nilipomaliza nikamrudishia dereva nikamwambia ipeleke ilikotoka. Akaniambia lori haliondoki mpaka Alhamisi. Nikabaki namwangalia. Akauliza kama nataka kuisubiri hiyo Alhamisi hapo hapo. Nikaichukua tena nikaenda nayo nyumbani.

Kuhusu mageti nimekosea. Samahani, na hii si ile samahani ya kukanyagwa. Sikujua kwamba mtu anaweza kuujua mji mzima kwa kreti. Ningekuwa nimekuuliza ungeniambia, lakini mimi siulizi, mimi natunza hasira halafu nachora ramani.

Ila nimekukasirikia. Sijui kama inaruhusiwa kumkasirikia mtu aliyesema kweli, lakini nimekukasirikia sana. Nilikuwa nakataa kuja kuishi kwako, kumbe nilikuwa nakataa kitu ambacho hakuna aliyenipa. Ni kama kususia sherehe halafu uambiwe hata hukualikwa. Nililia kwa aibu kwanza, nikaja kulia kwa hilo lingine baadaye. Halafu jambo la ajabu, nilipomaliza nilikuwa nimekukasirikia wewe kidogo na Mama sana. Wewe angalau umesema. Umesema vibaya, kwa makelele, umesahau na kreti za watu, lakini umesema. Mama ana mimi humu ndani kila siku na hajasema.

Jana alikuwa anapiga pasi nguo zangu. Zote, Shangazi. Magauni, sketi ya shule, soksi, hata lile koti la baba ninalojifunika. Nani anakwenda mapumziko ya siku tatu na koti la kujifunikia? Niliona amezikunja na kuzipanga kwenye begi kubwa, kingo zimelingana kama za dukani. Nikataka kusema, Mama, siku tatu. Nikasikia mdomo unasema, asante Mama. Akanipapasa kichwani bila kuniangalia. Nadhani anategemea kwamba ukiniona utalegea. Unipokee Ijumaa, na Jumapili ushindwe kunirudisha kwenye basi. Hajakata tamaa na wewe, ameamua kunituma mimi niwe barua ya tatu.

Kwa hiyo na mimi nimepanga. Nakuja Ijumaa ile ile. Begi nitaleta dogo, hilo kubwa nitaliacha kitandani. Supu tunakunywa. Kuku tunakula. Samaki abaki pale pale alipo, duka lililo chini yake halijanikosea. Kulala mchana nimekubali. Gauni fundi aliache refu kidogo, bado nakua. Ila juisi ya Jumamosi jioni naifuta. Badala yake tunavuka daraja, tunakwenda huko ambako gari lako haliendi, kwenye mitaa ambayo hata wewe hujui mlango ni upi. Tutafuata harufu, na ikishindikana tutauliza. Utauliza wewe, mimi nitasimama nyuma yako. Nataka tuwe wageni wote wawili, ili asiwepo mmoja anayempokea mwenzake. Na Jumapili tukimaliza maharage unanipeleka stendi, napanda basi la saa tisa, narudi kwetu. Sitakuomba ya nne. Usiogope, na usilegee pia.

Lakini kabla ya hapo kuna Mama, na hapo ndipo penye kazi. Leo asubuhi nilisimama mlangoni pa chumba cha mbele. Alikuwa ameshika pini kwa meno, anabana pindo la pazia la mtu. Akaniuliza nini kwa nyusi. Nikasema hakuna kitu. Nikarudi. Ndiyo maana naandika hapa hapa, nione yanavyokaa kwenye karatasi:

Mama, najua. Najua ya Januari na ya Februari. Olewa, sikuzuii. Huyo bwana hana ubaya wowote, barafu yake nimekunywa mwezi mzima. Lakini mimi sitoki chumbani kwangu. Mitungi yake aiweke barazani, mafriji ayapange kwenye ukuta wa nyuma, na kama hapatoshi basi tubanane wote watatu, tumeshazoea kuingia ubavu. Kama ungenikalisha ukaniambia ningekasirika siku moja, nikamaliza. Umenificha, nimekasirika miezi miwili na bado. Umemwandikia mtu mwingine kuhusu mimi mara mbili, kwa upole, na mimi ninayelala nyuma ya ukuta hukuniandikia hata mstari. Nakwenda kwa Shangazi kula. Siendi kuishi. Nikirudi Jumapili nikute kitanda changu kiko pale pale.

Shangazi, nimeyasoma tena. Hakuna samahani hata moja humo, nimeitafuta.

Nimesikia ameisimamisha pasi kwenye bati lake. Huo ndio mlio wake wa kumaliza kazi. Sasa anakuja, ndala zinaburuza ukumbini, na anatembea kwa uzito wa mtu aliyebeba. Atakuwa na rundo la mwisho, mashuka yangu. Karatasi hii iko mezani, na neno "Mama" ukiwa mlangoni unaliona. Kitabu cha jiografia kiko hapa karibu na kiwiko. Ni kikubwa, kinaifunika yote.

Amesimama. Hagongi, mikono imejaa. Ananiita, "Kimya? Nifungulie."

Kitabu nimekisukuma pembeni. Karatasi inabaki ilivyo, maandishi juu. Ngoja nikamfungulie.